Programu Ikihama, Wenyeji Ndio Huchagua Kompaila

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliokaa mbele, nanyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na soketi za umeme, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa kuzungumzia kuhamisha programu kutoka mfumo endeshi mmoja kwenda mwingine. Mada ni pana, kwa hiyo nitashika kona yake moja tu, nayo ni kompaila, ile zana inayogeuza msimbo tunaouandika kuwa programu ambayo mashine inaielewa. Nimeishika kona hiyo kwa sababu ndiyo watu huipita mbio. Mtu ameandika kazi yake kwa lugha ya C au C++ kwenye Linux. Mteja anamwambia kompyuta zote ofisini kwake ni Windows. Jamaa anaingia mtandaoni, anapakua kompaila ya kwanza anayokutana nayo, halafu kwa wiki kadhaa anagombana na ujumbe wa hitilafu usiohusiana kabisa na alichokiandika.

Watu huniuliza, "Kaka, kompaila ipi nzuri?" Swali hilo halifiki mbali. GCC ni nzuri, Clang ni nzuri, ya Microsoft nayo ni nzuri. Mimi ningeuliza hivi: programu yangu ikifika huko, itaishi na nani? Itaita maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha tengenezwa, za nani ambazo mimi msimbo wake sina, kwa hiyo siwezi kuzikompaili upya? Au yenyewe ndiyo itakayopakiwa ndani ya programu ya mwingine? Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Chukua kompaila waliyoitumia wale utakaowategemea, hao ninaowaita wenyeji, hata kama moyo wako uko kwingine.

Jambo hili si geni. Unix, mfumo endeshi ambao Linux inaufuata, iliandikwa upya kwa C mwaka 1973 pale kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, na mwaka 1977 watu walianza kuihamisha kwenda kwenye kompyuta za aina nyingine kabisa, za Interdata. Kundi moja lilikuwa Bell Labs kwenyewe, jingine Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia. Wote walianzia kwenye kompaila. Kule Bell Labs, Steve Johnson aliandika kompaila mpya ya C kwa makusudi kabisa kwamba iwe rahisi kuihamisha. Mfumo wenyewe ulifuata nyuma yake.

Sasa, kwa nini kompaila mbili zote nzuri zisielewane? Kwa sababu kompaila haigeuzi tu msimbo kuwa lugha ya mashine. Kuna mambo mengi ambayo kiwango cha lugha kimeiachia iamue yenyewe, nayo huyaamua kimyakimya: aina fulani ya namba ichukue baiti ngapi, vipengele vya struct, yaani fungu la data, vipangwe vipi kwenye kumbukumbu, kitendaji (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) kipokee hoja zake, yaani data anazopewa, kupitia wapi, hitilafu ya C++ ikirushwa isafiri kwa njia gani mpaka ipate wa kuidaka. Jumla ya makubaliano hayo ndiyo watu wa fani wanayaita ABI. Ni sawa na mafundi seremala wawili, mmoja ametengeneza fremu kwa inchi, mwingine mlango kwa sentimita. Kila kipande ukikitazama peke yake hakina kasoro, lakini siku ya kufunga mlango ndiyo utajua.

Tuanze na lililo dogo, aina ya namba iitwayo long. Kwenye Linux ya biti 64, long ni baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64 imebaki baiti 4, maana Microsoft walipohamia biti 64 hawakutaka kuvunja rundo la msimbo uliokuwa umezoea long ya biti 32. Pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, hata hivyo, ni baiti 8 kote kuwili. Kwa hiyo yule aliyezoea kuweka pointa ndani ya long, akifika Windows nusu ya anwani inakatwa, na programu inaanguka sehemu ambayo hata haikugusa msimbo huo. Kuna tego jingine hapohapo: ftell, kitendaji kinachokuambia umefika wapi ndani ya faili, hurudisha long. Faili likizidi gigabaiti 2, kwenye Windows jibu lake halifai kitu, wakati msimbo uleule kwenye Linux ulikuwa unakwenda bila tatizo. Dawa ipo tangu C99, kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1999, ndani ya faili la stdint.h. Andika int32_t, int64_t, intptr_t, na long usiikaribishe kabisa kwenye data inayokwenda kwenye faili au mtandao.

Lakini subirini, maana hapa wengi huteleza. Si kweli kwamba Windows peke yake ndiyo iliyoamua. Kuna Cygwin, iliyoanza mwaka 1995 katika kampuni ya Cygnus, inayojenga mazingira ya Unix juu ya Windows kupitia maktaba yake kubwa, cygwin1.dll. Na kuna MinGW-w64, inayotoa programu zinazozungumza na Windows moja kwa moja. Zote mbili zinatumia GCC. Sasa chukua kompyuta moja, Windows moja, GCC moja: ndani ya Cygwin ya biti 64 long ni baiti 8, ndani ya MinGW-w64 ni baiti 4. Ukisema tu "nilitumia GCC kwenye Windows", bado hujaniambia kitu.

Uchaguzi kati ya hizo mbili unategemea programu yako inaishije. Kama inazaa michakato kwa fork, amri ya Unix ya kujinakili kuwa mchakato wa pili, kila dakika, kama inategemea tabia za Unix mpaka kwenye mifupa, Cygwin itakuokoa kazi kubwa ya kuandika upya, kwa kuwa Windows haina fork na Cygwin huiigiza. Utalipa kwa mwendo, kwani kuigiza huko ni kuzito, na utabeba cygwin1.dll kila uendako. Kama programu yako haina mambo hayo, MinGW-w64 itakupa faili jepesi lisilohitaji mwenyeji wa kati.

Tuje kwenye C++, ambako ndiko kuna moto wenyewe. C++ inaruhusu vitendaji viwili viwe na jina moja ilimradi hoja zitofautiane. Ili linka, zana inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa programu moja, isichanganyikiwe, kompaila hulisuka jina pamoja na aina za hoja. Chukueni kitendaji kidogo, int ongeza(int). GCC na Clang kwenye Linux hukiita _Z6ongezai. Kompaila ya Microsoft hukiita ?ongeza@@YAHH@Z. Kwa hiyo mtu akikupa maktaba ya C++ iliyokompailiwa kwa Visual Studio, zana hiyo ya Microsoft, nawe ukaileta kwa GCC ya MinGW, linka itakuambia kitendaji ongeza hakipo, ilhali unakiona kwa macho kimeandikwa kwenye faili la vichwa, lile linaloorodhesha vitendaji vya maktaba.

Kuna mwenzetu hapo amenong'ona, "Si tungesuka majina sawa tu?" Hapana, ndugu yangu. Afadhali majina yapishane. Nyuma ya jina kuna mpangilio wa jedwali la vitendaji pepe, vile vinavyochaguliwa programu ikiwa inaendeshwa, kuna urithi wa madarasa, kuna safari ya hitilafu, na hayo nayo yanatofautiana. Majina yangelingana, programu ingeunganishwa vizuri, mngeipeleka kwa mteja, kisha ingeanguka mbele yake. Linka inapokataa, inakukinga. Hata waandishi wa libc++, maktaba ya kawaida ya C++ inayokwenda na Clang, waliweka vitu vyao ndani ya nafasi ya majina ya ziada, std::__1, ili visije vikachanganyika kimyakimya na vya libstdc++ ya GCC.

C ya kawaida haina mgogoro huo wa majina, ndiyo maana watu wenye busara huweka mpaka wa C kati ya vipande vya programu. Andika extern "C", inayoiambia kompaila isilisuke jina, pitisha namba na pointa zisizofunuliwa, usiruhusu std::string wala hitilafu ya C++ kuvuka mpaka. Lakini hata C ina mwiba mmoja, kumbukumbu. Windows inaweza kubeba maktaba za msingi za C zaidi ya moja ndani ya mchakato mmoja. Ukiomba kumbukumbu kwa malloc ya moja na kuiachia kwa free ya nyingine, umevunja. Kadhalika FILE*, kishikio cha faili lililo wazi, iliyofunguliwa upande huu isifungwe upande ule. Sheria ninayoishikilia ni kwamba kipande kinachotoa kumbukumbu ndicho kitoe na kitendaji cha kuirudisha.

Wangapi hapa mmewahi kukutana na maneno "Unable to find vcvarsall.bat", yaani Python haikuona faili la kuandaa kompaila ya Visual Studio? Naona mikono, naona na wanaocheka kwa uchungu. Hilo ndilo somo letu lote kwenye mstari mmoja, nalo tulifuatilie vizuri.

Python imeandikwa kwa C, na ile ya Windows hukompailiwa kwa Visual Studio. Viendelezi vyake vya C, vile vinavyoharakisha hesabu au kuzungumza na hifadhidata, hupakiwa ndani ya mchakato wa Python yenyewe. Python 2.7 ya mwaka 2010 ilikompailiwa kwa Visual Studio 2008. Wakati huo kila toleo la Visual Studio lilikuja na maktaba yake ya msingi: la 2008 na msvcr90.dll, la 2010 na msvcr100.dll. Kwa hiyo aliyetaka kujenga kiendelezi cha Python 2.7 alitakiwa kuwa na kompaila ya 2008. Miaka ilikwenda, kompaila mpya zikatoka, nzuri na zenye kasi, lakini yeye hazikumfaa, kwa sababu mwenyeji wake alikuwa Python na Python alikuwa na jicho la 2008. Hali ilikuwa ngumu kiasi kwamba mwaka 2014 Microsoft wenyewe walitoa bure kifurushi cha kompaila ile ya zamani kwa ajili ya Python 2.7 tu.

Kilichobadilisha mambo ni Visual Studio 2015. Maktaba ya msingi ya C ilitengwa na kompaila, ikawa sehemu ya Windows 10, ikaitwa UCRT. Kuanzia toleo hilo, yale ya 2017, 2019 na 2022 yamebaki yakielewana nalo. Python 3.5 ilihamia huko mwaka huohuo, na kilio cha vcvarsall.bat kikapungua sana. MinGW-w64 nayo inaweza kujenga juu ya UCRT, na wanaotumia MSYS2, mkusanyiko wa zana za kujengea programu kwenye Windows, watakumbuka kwamba mazingira yake ya UCRT64 ndiyo yanayopendekezwa sasa. Ukikuta maelekezo ya zamani yanakuambia utumie msvcrt.dll, maktaba ya msingi ya zamani, angalia tarehe yake kwanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na mtanisamehe nikikaa nao kidogo, ni wa Haiku. Miaka ya 1990 kulikuwa na mfumo endeshi uitwao BeOS, wa kampuni ya Be ya Jean-Louis Gassée, aliyetoka Apple. Ulipendeza sana kwa sauti na video. API yake, yaani vitendaji ambavyo programu huita kwa mfumo, karibu yote ilikuwa ya C++, na mmeshaanza kuona shida inatokea wapi. Mwaka 2001 kampuni ya Palm waliinunua Be, BeOS ikafa. Mwaka huohuo watu wa kujitolea wakaanza kuuandika upya kutoka sifuri, mfumo ambao leo unaitwa Haiku. Lengo mojawapo lilikuwa kwamba programu za BeOS, zile za zamani ambazo msimbo wake haupatikani tena, ziendelee kufanya kazi bila kuguswa.

Programu hizo zilikompailiwa kwa GCC ya familia ya 2.95. GCC 3 ilipotoka mwaka 2001, ABI ya C++ ilibadilika. Haiku wakajikuta njia panda: wachukue kompaila ya kisasa wazipoteze programu za zamani, au washike GCC 2.95, ya mwaka 1999, wabaki na C++ ya wakati huo. Walifanya yote mawili. Haiku ya biti 32 hubeba seti mbili za maktaba, moja ya GCC 2 na nyingine ya GCC mpya. Ukiwa kwenye dirisha la amri, unaandika setarch x86 kuhamia upande wa kisasa. Ukihamishia huko programu inayohitaji C++11, kiwango cha C++ cha mwaka 2011, lazima uijenge upande huo na uiunganishe na vifurushi vya upande huo vyenye kiambishi _x86 kwenye majina yake. Toleo la kwanza la beta lilitoka Septemba 2018, na bado sehemu za mfumo zinazogusa upatanifu huo ziliandikwa kwa C++ ambayo kompaila ya 1999 inaielewa. Haiku ya biti 64 haina mzigo huo, kwa sababu BeOS ya biti 64 haikuwahi kuwepo. Huko ni GCC mpya tu.

Wapo wanaowacheka Haiku. Mimi nawaheshimu. Walijua wanaishi kwa ajili ya nani, wakakubali gharama.

Msidhani pia kwamba ukibaki ndani ya Linux umesalimika. Mwaka 2000 Red Hat Linux 7 ilitoka na kompaila yenye namba 2.96, toleo ambalo mradi wa GCC wenyewe haukuwahi kulitoa. Vitu vya C++ vilivyojengwa nayo havikuelewana na 2.95 wala na 3.0 iliyofuata, mpaka kamati ya GCC ikatoa tamko hadharani. Wakati mwingine sababu si ya kiufundi hata kidogo. FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, walikaa miaka na GCC 4.2.1 ya 2007 kwa kuwa ndiyo ya mwisho chini ya leseni ya GPLv2, na katika FreeBSD 10, Januari 2014, wakahamia Clang. Android nayo ilifunga mjadala: NDK, zana zake za kujenga programu za C na C++, toleo la 18, mwaka 2018, liliondoa GCC likabakiza Clang na libc++. Kwa simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu humu ukumbini, uchaguzi wa kompaila ulishafanywa na wengine.

Sasa ushauri wa kazi, nao ni mmoja hasa: usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. Ukibadilisha mfumo endeshi na kompaila siku moja, kosa likitokea hutajua umlaumu nani. Kabla hujaondoka nyumbani, kompaili programu yako kwa kompaila ya pili papo hapo kwenye Linux. Kama unatumia GCC, jaribu Clang, na uwashe maonyo yote, -Wall na -Wextra. Utashangaa. Chukua mstari unaoita jaza(soma(f), soma(f)), ukitegemea namba ya kwanza kwenye faili iwe hoja ya kwanza. Kiwango cha lugha hakijasema hoja ipi ihesabiwe mwanzo. Clang huanzia kushoto. GCC mara nyingi huanzia kulia. Kosa hilo ni la msimbo wako tangu siku ya kwanza, na ni bora ulikute nyumbani, ambako zana zote unazijua. Kadhalika char: kwenye Linux ya Intel ina alama ya hasi, kwenye Linux ya ARM haina. Ukihifadhi jibu la getchar kwenye char na kulinganisha na EOF, alama hasi ya mwisho wa data, kwenye ARM kitanzi hakitaisha.

Hatua inayofuata ni kukompaili kwa ajili ya Windows ukiwa bado Linux. Debian na Ubuntu wana vifurushi vya MinGW-w64, amri yake ni x86_64-w64-mingw32-gcc. Visual Studio ni mzigo wa magigabaiti, na bei ya bando tunaijua, kwa hiyo usiupakue kabla hujajua kama unauhitaji. Utauhitaji pale mwenyeji wako anapoutumia, basi. Hata hapo kuna njia ya kati: clang-cl, Clang inayofuata ABI ya Microsoft na kupokea swichi zake. Chrome ya Windows ilihamia Clang mwaka 2018, na Firefox mwaka huohuo. Vichwa na maktaba za Microsoft bado utazihitaji, lakini utakuwa na kompaila moja yenye maonyo yaleyale kwenye mifumo yote, na hilo linapunguza maumivu mengi.

Nimeona mwenyekiti anatazama saa. Nichukue swali moja. Ndiyo, dada uliyevaa mtandio wa bluu.

Anauliza: wana programu ya hesabu za maduka, imeandikwa kwa C++ na Qt, maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe, kwenye Linux, wateja wao wana Windows, wachague nini?

Swali zuri, dada, na jibu liko kwa mwenyeji, ambaye hapa ni Qt. Qt hutolewa kwa Windows ikiwa imekompailiwa tayari kwa njia zaidi ya moja, zikiwemo ya Microsoft na ya MinGW. Chukua moja, na kila kitu kingine cha C++ unachounganisha nacho kiwe cha upande huohuo, usichanganye. Mpaka hapo MinGW inawatosha, na kupakua kwake ni kwepesi. Sasa nikuulize: ndani ya programu kuna sehemu inayoonyesha kurasa za wavuti, labda ripoti au risiti? Ipo? Mnatumia Qt WebEngine? Basi mjadala umekwisha, kwa sababu Qt WebEngine kwenye Windows haijengwi kwa MinGW. Inataka ya Microsoft. Mkiweza kuitoa hiyo na kuchora risiti kwa QPainter, chombo cha Qt cha kuchorea, mtabaki huru kuchagua. Angalieni kwanza inatumika mahali pangapi kabla hamjapakua chochote.